Mizani ya Alizeti

Nilipokuwa mtoto Mwankoko, ndege kwetu haikuwa chombo cha kupanda, ilikuwa habari. Tukiwa machungani tuliusikia mlio wake kabla ya kuiona, ukitokea upande wa Dodoma au wa Arusha, kisha ikapita juu ya mawe yale makubwa ya Singida ikiteremkia uwanja wa mjini. Wazee walisema ama kuna mgonjwa, ama kuna mkubwa. Hakuna aliyefikiri kwamba ndani yake huenda yumo mtu anayekwenda tu kudai fedha zake za vitunguu. Na mimi, niliyekuja kuzifungua na kuzifunga ndege ndogo kwa miaka zaidi ya thelathini, sikudhani kwamba siku moja nitaulizwa swali hili na mtu wa nyumbani kwetu: "Shemeji, ninunue ndege gani?"

Aliyeniuliza ni mume wa dada yangu. Alianza biashara kwa baiskeli, akinunua alizeti vijijini debe kwa debe, hadi akawa na malori na wateja Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizomtia wazimu huu, kama dada alivyouita. Barabara zilikatika, reli nayo ikazolewa na maji mahali pengi, na malori yake mawili ya vitunguu yakalala njiani hadi mzigo ukaota majani. Mteja wa Dar es Salaam akampa mtu mwingine nafasi yake. Nilimwambia kwamba ndege ndogo isingeokoa hata magunia sita ya vile vitunguu. Akanijibu, "Sitaki kubeba vitunguu, shemeji. Nataka kujibeba mimi. Ningefika kwa yule bwana siku ile, tungezungumza."

Jibu hilo lilinishinda. Na hakuwa mtu wa maneno matupu: alikwenda Nairobi akajifunza urubani, akafeli mtihani mmoja, akaurudia, akarudi na leseni yake mfukoni na saa za kuruka zipatazo hamsini na tano. Ndugu msomaji, rubani wa saa hamsini na tano ni kama kijana aliyeota ndevu wiki iliyopita. Ndevu anazo, lakini bado anajitazama kwenye kioo.

Niseme kidogo habari zangu, maana bila hizo ugomvi wetu hautaeleweka. Nilifika Nairobi mwaka 1969, nikaingia uwanja wa Wilson kama mfagiaji wa karakana. Uwanja ule una jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na umekuwa ndio soko kuu la ndege ndogo katika Afrika Mashariki. Madaktari wa kuruka wa AMREF, ambao huduma yao ilianza mwaka 1957, wanarukia pale. Nilianza kwa kushika taa wakati fundi akifungua, kisha kuosha vipuri kwa petroli, kisha kufungua mwenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa, nami nikarudi kwetu na sanduku la spana, nikapata kazi Arusha.

Huko Arusha, mwaka 1986, nilifanya jambo ambalo sijapata kulieleza vizuri kwa mtu yeyote, hata shemeji mwenyewe sikumweleza vizuri. Rubani mmoja aliniambia, "Fundi, jaza." Nikajaza matangi yote mawili mpaka shingoni. Sikumuuliza anakwenda wapi wala anapakia watu wangapi. Si kazi ya fundi kuuliza, ndivyo nilivyojiambia. Alikwenda kutua uwanja wa nyasi porini, akachukua watu watatu na mizigo yao saa saba mchana, jua likiwaka. Ndege iliondoka ardhini lakini haikupanda. Iligonga mgunga mwishoni mwa uwanja. Hakufa mtu. Lakini alikuwamo kijana mmoja aliyekuwa akienda kuanza kazi ya ualimu, na mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Waliochunguza hawakuniuliza lolote, maana injini haikuwa na kosa. Mafuta niliyoyatia yalikuwa masafi kabisa. Tatizo lake ni kwamba yalikuwa kilo mia moja na zaidi ambazo safari ile haikuzihitaji.

Basi shemeji aliponiuliza ndege gani, mimi nilianza kuuliza kilo. Yeye alitaka kuzungumza habari za mwendo.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na si watu wa Singida tu. Anayetaka ndege ya safari za mbali huangalia kwanza inakwenda kasi gani, pili inafananaje. Lakini Singida iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yaani futi kama 5,000. Hewa ya huku ni nyepesi tangu alfajiri. Jua likipanda na joto likafika nyuzi 30, hewa huzidi kuwa nyepesi, na ndege huwa kama iko futi 8,000. Injini isiyo na kipulizia cha kuongeza hewa hupoteza hapo karibu robo ya nguvu zake. Propela nayo inakata hewa isiyo na kitu, na bawa linaegemea hewa hiyo hiyo. Ongeza upepo wa Singida, ambao kila aliyelala kwetu anaujua, na ndege wa ziwa Singidani wanaoamka kwa makundi, wale wenye manyoya. Ndege iliyopendeza pale pwani, ikitoka ardhini kama panzi, huku kwetu inakimbia uwanja mzima ikiomba.

Kwa hiyo Cessna 172, ambayo shemeji alijifunzia na ndiyo iliyokuwa rahisi kuipata, niliiondoa siku ya kwanza. Ni ndege njema sana, hakuna iliyosamehe wanafunzi wengi kama hiyo. Lakini nguvu zake ni farasi 160, au 150 kwa zile za zamani, na ukizitoa robo unabaki na kama 120 za kubeba watu wazima wanne kutoka Singida saa sita mchana. Itabeba wawili. Wa tatu ni wa kujadiliana.

Jambo la pili ni mafuta. Injini hizi ndogo hazinywi mafuta ya ndege za jeti, yale yanayofanana na mafuta ya taa. Zinataka petroli yake maalumu, ya rangi ya buluu, na petroli hiyo haikuwapo Singida wakati huo isipokuwa mtu ajiletee kwa mapipa. Ilipatikana Arusha, Dar es Salaam, Nairobi, na mahali pengine kwa kubahatisha. Maana yake ni kwamba ndege ya mtu wa Singida lazima iweze kubeba mafuta ya kwenda na ya kurudi. Kutoka kwetu hadi Arusha kwa mstari wa angani ni kilomita kama 270. Hadi Mwanza kama 325. Hadi Dar es Salaam karibu 550. Atakayekwenda Mwanza na kurudi bila kutia mafuta anahitaji tangi la kilomita 650 na akiba juu yake. Na mafuta yana uzito. Lita moja ya petroli hiyo ni gramu 720 hivi. Lita mia ni mtu mzima mwembamba ambaye hashuki njiani, ingawa anazidi kukonda kadiri mnavyokwenda.

Haya yote nilimweleza shemeji tukiwa tumekaa nje ya nyumba ya mama, Mwankoko, naye alitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akatoa picha kwenye bahasha.

Ilikuwa Bonanza, ile ya mkia wa V. Sitaidharau. Katika ndege za injini moja zilizopata kutengenezwa Marekani, sidhani kama ipo iliyoundwa kwa mkono mzuri kuliko hiyo. Bawa liko chini, magurudumu yanakunjwa, na mkia hauna mapezi matatu kama ndege nyingine bali mawili yaliyosimama mshazari kama vidole vya mtu anayetangaza ushindi. Injini farasi 285. Hukimbia kilomita 310 kwa saa, na zaidi kidogo akiijua mwenyewe. Ilikuwa Wilson, inauzwa, na dalali amesema wapo wanunuzi wengine wawili.

Nikachukua penseli. Cessna 182, ndege ya bawa la juu na magurudumu yasiyokunjwa, hukimbia kilomita 250 kwa saa. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam itatumia saa mbili na dakika 12. Bonanza ingetumia saa moja na dakika 46. Nikamwonyesha, "Shemeji, unanunua dakika 26. Na ukitua Dar es Salaam utakaa garini zaidi ya hizo kabla hujaiona Kariakoo." Hakucheka. Nikamweleza kwamba bawa la chini hukwaruza vichaka na kupokea changarawe, kwamba milango inayofunika magurudumu hujaa tope la masika, na kwamba rubani wa saa hamsini na tano ana mambo mengi ya kukumbuka kabla ya kutua bila kumwongezea la kuteremsha magurudumu. Nikamweleza na siri ya Bonanza hizo ambayo madalali hawaitaji: mafuta yake yako mbele ya bawa, kwa hiyo yanavyokwisha uzito unahamia nyuma. Ukiwaweka watu wanene kiti cha nyuma na mizigo nyuma yao, unaweza kuondoka uko sawa na kufika hauko sawa.

Akasema, "Twende tukaione tu."

Tulikwenda mwezi wa Novemba 1998. Ndege ilikuwa nzuri kuliko picha yake. Rangi mpya, viti vipya vya ngozi, propela mpya inang'aa. Propela ile ndiyo iliyonisimamisha. Fundi akiona kitu kipya sana kwenye ndege ya miaka ishirini na zaidi huuliza cha zamani kimekwenda wapi. Nikaomba madaftari. La fremu lilikuwapo. La injini lilikuwa na pengo la karibu miaka miwili, kisha ukurasa mmoja wa mwandiko mwingine unaosema propela imebadilishwa, bila kusema kwa nini. Sasa, propela ikigonga ardhi injini ikiwa inazunguka, haitoshi kuweka propela nyingine. Mshtuko unaingia ndani mpaka kwenye fito kuu, na lazima injini ifunguliwe itazamwe kama kuna ufa. Ukurasa huo haukuwapo. Nilipotoa kifuniko cha chini na kumulika tumbo, nikaona bati moja limenyooshwa na kupigwa ribiti upya.

Dalali alinikuta kwenye korido. Alikuwa mtu mwenye heshima, ananiita mzee ingawa tulikaribiana umri. Alisema anajua kazi yangu ni ngumu, na kwamba desturi ya uwanja ni fundi kupata asante yake kutoka pande zote mbili. Bahasha ilikuwa nene. Sitasema sikuitamani. Wakati huo nilikuwa na mtoto wa sekondari na nyumba ya Mwankoko iliyoishia kwenye lenta. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, kisha nikamwambia ampe mwenye ndege akanunue ukurasa uliopotea.

Usiku ule nilimwambia shemeji asiinunue mpaka injini ifunguliwe. Dalali alikataa injini isifunguliwe, maana wapo wanunuzi wawili. Na shemeji, badala ya kumkasirikia dalali, akanikasirikia mimi.

"Umekuja na jibu lako tangu nyumbani," aliniambia. "Hata ingekuwa mpya ungeipata dosari. Unaona uchungu, shemeji. Miaka thelathini unazitengeneza za watu, na huna hata gurudumu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Tulirudi kwa mabasi mawili tofauti, na miezi minane hatukusemeshana. Dada alikuwa akija Mwankoko peke yake. Jambo lililoniuma ni kwamba maneno yake hayakuwa uongo mtupu. Nilipokaa kwenye kiti kile cha ngozi, mkono juu ya usukani, kweli kitu kilinichoma. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeulizia ukurasa ule kwa bidii kama ile iwapo mnunuzi angekuwa mgeni. Nadhani ningeuliza. Lakini labda nisingeuliza kwa furaha kiasi kile.

Na kwa ajili ya haki niseme pia hili: ile Bonanza ilinunuliwa na mtu mwingine, na mwaka 2004 niliiona Wilson kwa macho yangu, imepakwa rangi nyingine, inawashwa asubuhi na kuondoka zake kwa mlio mzuri. Shemeji nilimwambia mwenyewe. Alifurahi wiki nzima.

Mwezi wa Julai 1999 alikuja Mwankoko usiku, bila taarifa. Alikula, akanyamaza, kisha akasema, "Haya, fundi. Pima hizo kilo zako."

Asubuhi tukaichukua mizani ya kupimia magunia ya alizeti, tukaisimamisha chini ya mti mbele ya nyumba. Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Nikamwuliza shemeji uzito wake. "Themanini," alisema. Mizani ilisema 104. Watoto waliokuwa wamekusanyika walipiga kelele, naye akashuka akaitikisa, akapanda tena, ikasema 104 tena. Dada alikuwa 81, akasema ni viatu. Mtoto wao wa mwisho 41. Mama yetu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akituangalia kama watu walioharibikiwa, alikataa kupimwa kama gunia, kisha akakubali kwa sharti watoto waondoke. Kilo 54.

Kisha tukapima mizigo, maana hapo ndipo watu hujidanganya zaidi. Ndoo ya lita ishirini ya mafuta ya alizeti ilikuwa kilo kama 19 pamoja na ndoo yenyewe. Ndoo ya ukubwa ule ule ya asali ilikuwa 29. Shemeji hakuamini, akaziinua zote mbili. Mtu aliyefanya biashara maisha yake yote hakupata kujua kwamba asali inaishinda hata maji uzito, kwa sababu alikuwa akiiuza kwa ndoo. Nilimwona akiitazama ile mizani kwa namna nyingine, na hapo nikajua tutanunua ndege.

Nilimwambia aniandikie safari zake zote za mwaka uliopita, si zile anazotarajia kusafiri, bali zile alizosafiri kweli. Zilikuwa thelathini na moja. Katika hizo, ishirini na tatu alikuwa peke yake au na mtu mmoja. Sita walikuwa watatu. Mbili tu walikuwa wanne, na zote mbili ni misiba. Laiti ningekuwa na safari za watu sita na mizigo, ningemtafutia Cessna 206, ambayo nadhani ndiyo iliyofanya kazi nyingi za mapori yetu kuliko ndege nyingine ndogo yoyote, kwa madaktari, wamisheni na watalii. Lakini 206 inakunywa lita karibu 60 kwa saa ukiwa na watu sita au ukiwa peke yako. Kwa mtu anayekwenda peke yake mara ishirini na tatu, hizo ni fedha za kuchoma.

Ikabaki 182. Wakati huo kupata mpya lilikuwa jambo la matajiri wa kweli. Cessna walikuwa wameacha kutengeneza ndege zote za injini moja ya pistoni mwaka 1986, kwa ajili ya kesi za madai huko Marekani. Sheria ikabadilishwa mwaka 1994, na 182 mpya zikaanza kutoka tena mwaka 1997. Kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tukichagua katika ndege za miaka ya sabini. Tuliyoipata ilikuwa ya mwaka 1978, farasi 230, imebabuka rangi upande wa jua, viti vya kitambaa vimechanika. Shemeji aliizunguka kama mtu aliyeletewa mchumba asiyemwomba.

Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya injini. 182 ina pua nzito, na rubani akikosea huigongesha chini gurudumu la mbele kwanza; bati linalotenganisha injini na chumba hukunjamana. Hii ilikuwa imekunjamana kidogo, ikatengenezwa, na daftari likasema wazi: tarehe, aliyeivunja, aliyeitengeneza, saini. Sijapata kufurahia kuona kosa kama siku ile. Injini ilikuwa imefanya saa 900 katika 2,000 zinazokubalika kabla ya kufanyiwa matengenezo makubwa. Matangi yalikuwa ya mifuko ya mpira ndani ya bawa, na mifuko hiyo ikizeeka hufanya mikunjo inayoficha maji. Nikamfundisha shemeji kutikisa bawa kila asubuhi, kukinga petroli kwenye glasi na kuitazama juani: buluu juu, na maji, kama yapo, yametulia chini kama machozi. Mpaka anaiuza hakuacha kufanya hivyo, hata akiwa na haraka.

Ikavuliwa herufi za 5Y za Kenya, ikavishwa 5H za Tanzania, na mwezi wa Januari 2000 ikatua Singida. Nusu ya Mwankoko ilikwenda kuitazama. Niliwasikia vijana wawili wakisema ni ndogo.

Sasa safari niliyotaka kuieleza tangu mwanzo ni ya mwezi wa Machi mwaka ule. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa Dar es Salaam alikuwa amempangia siku. Kwa basi safari ile ilikuwa ya siku mbili kwa hali ya barabara ya masika, naye alikuwa amekwisha kukataa mara moja. Shemeji akasema atampeleka yeye, na dada, na yule mtoto ambaye bibi yake hakutaka kutengana naye. Watu wanne.

Nilikuwa nimempa shemeji sharti moja ambalo halimo katika kitabu cha ndege. Kiwanda kinasema 182 ile isizidi kilo 1,338 inapoondoka. Mimi nilisema kutoka Singida isizidi 1,270, na iondoke kabla ya saa tatu asubuhi. Alilikubali mbele ya mama, ambaye alikuwa shahidi asiyesahau.

Ndege tupu ilikuwa kilo 812. Mafuta yaliyobaki baada ya kutoka Arusha jana yake yalikuwa lita 225, yaani kilo 162, ya kufika Dar es Salaam na, pwani ikifungwa na mawingu, kugeuza mapema kurudi Morogoro au Dodoma. Watu wanne kilo 280. Begi moja kilo 14. Nilijumlisha mara mbili juu ya bawa la mkia: 1,268. Zilibaki kilo mbili.

Dada akashusha garini ndoo ya asali.

Nilisema hapana. Akasema ni ya daktari. Nikasema daktari atalipwa fedha. Akasema kaka, huna haya, mama anakwenda mikono mitupu. Shemeji alitazama pembeni akijifanya anakagua tairi, na namshukuru kwa hilo hadi leo, maana angesema neno moja tu upande wa mkewe sijui ningefanya nini. Nilikuwa nikimtazama mwanangu wa dada, amekaa kiti cha nyuma, miguu haifiki chini, anaichezesha. Ndoo ilirudi garini. Dada hakuniaga.

Ndipo mama akafungua khanga yake, na ndani yake akatokea jogoo, amefungwa miguu, ametulia kama mtu aliyekwisha kusafiri. Jogoo wa Singida, mwekundu, wa kumpa mwenyeji wao. Mama hakusema kitu. Alinishikia tu, akinitafuta kwa macho yale yenye ukungu upande ambao sikuwapo.

Nikampokea. Nimepima vitu vingi kwa mikono. Alikuwa kilo tatu, au pungufu kidogo. Nikamweka miguuni pa mama, nikafunga mlango, nikaandika daftarini: jogoo, kilo 2.

Waliondoka saa mbili na robo. Ndege iliacha ardhi kabla ya nusu ya uwanja, ikapanda juu ya mawe, ikageuka kuelekea mashariki. Nikasimama mpaka mlio ukaisha, kisha nikaendesha gari hadi Mwankoko na ndoo ya asali pembeni yangu, nimeifunga mkanda.